Jembe Lililongoja Makaa ya Mawe

Kwetu jembe haligusi udongo penye msiba mpaka marehemu azikwe. Kwa kawaida ni siku chache tu. Watu wanazika, wanakaa matanga juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, kisha kila mmoja anarudi kwenye kibanja chake. Mama yangu, kijijini kwetu Muleba, aliushika mwiko huo tangu masika mpaka senene, wale panzi wa kuliwa wa mwisho wa mwaka, wakaja na kuondoka. Majani yalifika magotini chini ya migomba, mibuni ikazongwa na magugu, na jembe likabaki limeegemea ukuta wa jikoni. Mwanawe alikuwa amekufa lakini hajazikwa.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji kwenye mgodi mmoja wa makaa ya mawe, mbali huko kusini. Paa la njia aliyokuwamo liliporomoka na moto ukashika. Wenzake walitoka, yeye hakutoka. Ilipokuwa wazi kwamba hakuna aliye hai mle ndani, sehemu ile ikazibwa kwa ukuta ili moto ufe kwa kukosa hewa.

Mimi kazi yangu ni gesi ya makaa hayo hayo, ingawa mgodini sijawahi kuingia. Nimepanga chumba Rwamishenye, mjini Bukoba, na humo nakaa mbele ya kompyuta nikitengeneza modeli za jinsi methani inavyoachiliwa na tabaka la makaa na inavyosafiri kwenye nyufa zake. Kaka aliniita mchimbaji wa kwenye kiti. Akija likizo aliniuliza kwa dharau ya kindugu, "Leo umechimba tani ngapi, waitu, ndugu yangu? Mbona hata kucha hazijachafuka?" Nami nilimjibu kwamba yeye hata kucha hana. Alinisimulia kuwa makaa mabichi yakiwa na maji yanachemka kidogo kidogo kama mafuta kwenye kikaango, ni gesi inatoka. Mimi nilikuwa na milinganyo ya jambo hilo, lakini sauti yake niliisikia kwa mdomo wake tu.

Mgodi ulipotaka kujua kama ukuta unaweza kufunguliwa ili mwili utolewe, kazi ilikuja kwenye timu yetu. Mkuu wangu alinishauri nimwachie mwingine. Nilikataa kwa ukali ambao hakuwahi kuuona kwangu. Kaka ni wangu, nikamwambia, na hesabu hii ni yangu.

Methani ikiwa kidogo hewani haiwaki, na ikiwa nyingi mno haiwaki pia. Hatari iko katikati. Nyuma ya ukuta ule ilikuwa imejaa, imetulia. Lakini huwezi kumtoa mtu bila kuingiza hewa, na hewa ikiingia gesi inapungua mpaka inafika pale katikati, huku moto ukiwa pengine bado unafuka chini ya kifusi. Hata ukiifagia yote, makaa yenyewe yanaachilia nyingine, polepole, kwa miaka.

Niliirudia hesabu mara nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilibadili upenyezaji wa tabaka, yaani wepesi wa gesi kupita ndani yake, nikapunguza gesi iliyohifadhiwa, nikaongeza nyufa. Jioni moja modeli ilinipa nilichokitaka: ukuta unafunguliwa, watu wanaingia, wanatoka salama na kaka yangu. Nilikaa nikilitazama jibu lile kama mtu aliyeletewa barua njema. Kwa bahati mbaya nilijua namba nilizoiwekea, na hakuna makaa duniani yenye namba zile. Nikaifuta. Mwenzangu alipofanya hesabu kwa njia yake mwenyewe, alifika nilikofika mimi mwanzo: ukuta usifunguliwe.

Jumamosi nilikwenda Muleba. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, alikuwa ameketi na mama uani. Yeye ndiye aliyekuwa akimsihi tangu mwanzo tufanye kama wazee walivyofanya kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, tuzike shina la mgomba badala yake. Mama alikuwa na jibu moja tu siku zote: "Mgomba sikuuzaa mimi."

"Gesi imeisha?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Haijaisha, mama."

"Itaisha lini?"

Nilimkumbusha jiko letu la zamani lililoezekwa nyasi, jinsi lilivyoendelea kutoa harufu ya moshi miaka mingi baada ya mafiga kuhamishwa. Makaa ndivyo yalivyo, nikasema. Hata ukitoa gesi yote iliyo nje, nyingine imo ndani inasubiri.

Baba mdogo akatazama chini.

"Na wakifungua hivyo hivyo," mama akasema, "nani ataingia kumchukua?"

"Vijana wenzake. Wamejitolea."

"Wana mama zao?"

"Wanao, mama."

Aliinuka akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na jembe, mpini umeota ukungu. Akampa baba mdogo.

"Chimba," alimwambia. "Pale kando ya baba yake."

Mgomba mama aliuchagua mwenyewe. Baba mdogo alipouliza aukate urefu gani, mimi mtu wa vipimo nilimgeukia mama. Mama aliegemea fremu ya mlango akainua mkono juu ya kichwa chake, akausogeza chini kidogo, akaurudisha juu kidogo. "Hapa," akasema.

Shina lile tulilifunga katika shuka jeupe la kaka. Katekista aliongoza sala, majirani wakaimba, tukafukia. Nilidhani mama angeingia ndani kukaa kwenye nyasi na wanawake wenzake. Badala yake alilichukua jembe kwa baba mdogo, likiwa bado na udongo wa kaburi, akainama pale pale na kuanza kulima. Baba mdogo alisema, kwa upole, kwamba hiyo ni kazi ya kesho. Hakumsikiliza. Alilima kuelekea kwenye mibuni, na hapo ndipo kilio chake kilipotoka, kile ambacho hakukitoa tangu masika. Niliokota magugu nyuma yake, nikilia na mimi, mpaka kucha zangu zikajaa udongo.