Kiti cha nyuma cha toleo la kwanza kiko sebuleni, na Koko kajifunga mkanda

Wakuu, salaam kutoka Kamembe, huku juu ya ziwa Kivu.

Haya sikusimuliwa na mtu. Kiti chenyewe kiko nyumbani kwetu, anayebisha aje akikalie.

Humu kuna mkuu alileta uzi kwamba ile gari ya familia ya Kijapani, ile ya safu tatu za viti ambayo hata mtu wa kawaida anaweza kujikongoja akainunua, kila toleo jipya ni bora kuliko lililotangulia. Watu wakampongeza. Hakuna aliyeuliza: bora kwa nani?

Mimi nauliza, kwa sababu huo ubora unaniumiza mgongo kila Jumapili.

Toleo la kwanza Papa, yaani baba yangu, alilinunua Bukavu, ng'ambo ya mpaka tulikokuwa tukiishi, nikiwa mdogo. Lilitokea Ulaya: usukani kushoto, mlango wa kuteleza kulia, yaani pale pale pembeni mwa barabara ambapo mtu mwenye akili angependa kushukia. Umbo la boksi. Injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo dereva anafika ameiva.

Lakini kiti cha nyuma, kile kirefu, kilishikwa na vyuma viwili tu sakafuni. Unavuta, unanyanyua, kinatoka kizima na miguu na mikanda yake. Jumapili wote tunakwenda misa. Jumatatu kiti kinabaki nyumbani, Papa anajaza marobota ya vitenge.

Vita ilipofika Bukavu, sisi Wanyarwanda wa kule tukawa watu wa kuondoka. Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, aliketi kwenye kiti hicho, sufuria mapajani, tukavuka daraja la Rusizi, ndio mpaka wenyewe, tukaingia huku Kamembe. Nyumba ikabaki ng'ambo na kila kilichokuwemo.

Upande huu tulipata nyumba tupu. Papa akavuta vile vyuma viwili, akakiweka kiti sebuleni. Kwa muda tu, alisema.

Nimekwenda chuo Butare, nimerudi na digrii. Kiti bado kipo.

Koko amekifanya makao yake. Magoti yake hayataki stuli wala mkeka, ila kile kiti kina kimo anachokitaka. Akihisi usingizi anajifunga mkanda asije akaangukia upande. Sitanii. Mgeni akiingia anamkuta mwanamke mzee kafungwa mkanda mbele ya redio, utadhani anasafiri kwenda Kigali.

Sasa Papa akapatwa na homa ya toleo la pili.

"Ni ileile," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Baliongeza tu bintu bizuri."

Nikamuuliza: Papa, hii imepitia Dar. Usukani uko kulia. Mlango wa kuteleza ni mmoja, na uko kushoto. Nchi hii tunaendesha upande wa kulia. Abiria si atashukia katikati ya barabara?

"Weye ulisoma sana. Mulango ni mulango."

Hoja nzima ndiyo hiyo, wakuu. Ukisikia mtu amekuambia umesoma sana, ujue ameshakubali kuwa uko sahihi na hatabadilisha kitu.

Ili aipate hiyo ya pili, akaiuza ya kwanza kwa Maman Nshobole, mfanyabiashara wa Bukavu aliyepanga chumba Kamembe kwa ajili ya zile siku ambazo mpaka wa nchi unafungwa bila mtu kuambiwa. Alitaka gari la kupeleka sambaza, vile visamaki vya ziwani, na watu sokoni Nzahaha.

Alishatanguliza fedha, na jipya lilishafika; siku ya kulichukua la zamani alilizunguka, akachungulia ndani, akakunja mikono.

"Papa, hii gari iko na pengo sawa mutoto mwenye kubadilisha meno. Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Iko mu nyumba. Inatoka sasa hivi."

Kumbe Papa alishapanga kichwani mwake: Koko atapewa kiti cha nyuma cha gari jipya, kitambaa laini, hata hatakumbuka cha zamani. Nikasema tukijaribu kwanza hicho kipya kabla ya kumsimamisha mzee. Basi angalau hilo alinisikia.

Tukafungua gari jipya. Toleo la pili halina kiti kirefu. Lina nusu mbili, kila nusu inakunjwa na kuning'inia ukutani mwa gari ili upate nafasi ya mizigo. Werevu mkubwa. Tukahangaika na spana, tukang'oa nusu moja, tukaiingiza sebuleni, tukaisimamisha.

Ikalala chali.

Papa akaiegemeza ukutani. Ikalala tena. Haina miguu ya kutosha, miguu yake mingine ni gari lenyewe.

Koko alikuwa anatazama yote. Kisha tukasikia klik. Amejifunga mkanda.

"Maman, simama kidogo," Papa akamwambia mama yake.

"Niende wapi?"

"Kiti iliuzwa."

"Basi muniuze pamoja nayo."

Maman Nshobole alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Papa hakucheka. Yeye alikuwa na aibu ya mtu aliyeahidi mbele ya mteja.

"Koko," Maman Nshobole akasema, "juu ya nini unakatala? Ni kiti tu ya gari."

"Nilikuyaka nayo toka Bukavu. Nyumba yangu ilibakia. Mbuzi zangu zilibakia. Hii njo ilivuka na mimi. Na weye unatoka kulekule, unakuya kuikamata?"

Maman Nshobole akaiachia fremu ya mlango, akamsogelea.

"Mulikaaka wapi kule?"

"Kadutu."

"Kadutu upande gani?"

Hapo biashara ikasimama. Maman Nshobole akaketi kwenye kiti kilekile, pembeni yake, wakaanza kutajiana majirani: nani bado yupo, nani alikimbilia wapi, nani haulizwi tena. Mimi na Papa tumesimama na nusu kiti mikononi kama wezi waliokutwa dirishani.

Mwishowe akainuka. "Kiti ibakie. Mimi nitaweka mbao, bantu ba soko habaombake godoro. Lakini bile byuma ya chini sitabigusa. Siku moja Koko atapenda kutoka."

Akaondoka na gari lake.

Jumapili iliyofuata Papa akatupeleka misa Cyangugu na toleo la pili. Tulipofika akasimama pembeni, akafungua mlango wake maarufu. Lori likapita karibu, likipiga honi. Koko akatazama lami, akatazama fimbo yake.

"Hapa njo mulango?"

Akarudisha mguu ndani. Hakushuka mpaka Papa alipokwenda kugeuza gari na kuegesha upande usio wake, watu wote wa parokia wakitazama. Tangu siku hiyo hajalipanda tena, na ningelikuwa mimi nisingelipanda pia.

Sasa sikilizeni utaratibu wetu. Kila Jumapili Maman Nshobole, kama yuko upande huu, anasimama mlangoni kwetu na lile boksi. Mbao zinashushwa. Mimi, mwenye digrii, nabeba kiti kutoka sebuleni, nakipachika kwenye vile vyuma viwili. Koko anapanda, anajifunga mkanda, anakwenda misa, anashukia pembeni mwa barabara kama binadamu. Tukirudi, nakitoa, nakirudisha sebuleni.

Papa anatufuata nyuma na gari jipya, peke yake.

Mngedhani amejifunza. Juzi kaja na picha ya toleo la tatu. Milango ya kuteleza pande zote mbili, sawa, hapo nampa haki yake. Na kiti cha nyuma, anasema kwa fahari, unakikunja, kinazama chini ya sakafu, hakionekani kabisa.

Koko akaitazama picha.

"Na ikizama, muntu anakaa wapi?"

Papa akaikunja picha, akaitia mfukoni.

Nilichojifunza: anayesema kitu kimeboreshwa, muulize anamfikiria nani. Anayechora kiti kinachozama sakafuni hana shaka kwamba mwenye gari ana nyumba, na nyumba ina viti. Sisi tulifika bila hivyo.

Wenye toleo la tatu, nijibuni kwa ukweli: kile kiti kinatoka nje au hakitoki? Na kikitoka, kinasimama? Papa amekwenda tena kuuliza bei.