Ndago Kwenye Kona ya Maji

Ploti yetu ya Dagoretti Corner ilikuwa na kona moja ya nyuma ambayo haikukauka hata Januari. Majirani wa juu walipojenga, maji yao yote yalituteremkia sisi. Kila mgeni aliyeiona kona ile alitikisa kichwa na kusema: mwageni udongo hapo, mbu watawamaliza. Mimi nikaenda nikapanda ndago.

Ndiyo, ndago. Najua unachofikiria. Shambani kwetu tulizing'oa mpaka kiuno kikakataa kunyooka, na mvua ikinyesha zinarudi. Lakini kuna ndago na ndago. Nilizotaka mimi ni zile ndefu za mtoni, zinazosimama ndani ya maji na kufunguka juu kama mwavuli. Niliwauliza wauza miche wa Ngong Road, wale wanaopanga maua kando ya barabara. Mmoja alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo yake.

"Mathe, hiyo ni kitu ya kung'oa, si ya kununua!"

Nikamwambia acheke vizuri, asije akakosa pumzi. Shina la kwanza nililichimba mwenyewe mtoni Loresho, siku tuliyokwenda kumwona shangazi yangu, nikalibeba kwenye mfuko wa unga huku viatu vyangu vya kanisani vimejaa tope. Shangazi alidhani nimechanganyikiwa.

Zikashika. Mungu wangu, zilivyoshika! Mvua ya pili ilipokuja, vyura walifika bila kualikwa, na kereng'ende wekundu, na viluwiluwi wa vyura waliokula mabuu ya mbu kama wamelipwa. Nikitoka kazini mjini, nilikuwa navua viatu mlangoni, namimina chai, nakwenda kusimama pale. Sikuwa nafanya lolote la maana. Nilikuwa na raha tu, kwa nini niseme uongo?

Shida ilikuwa baba watoto. Alikuwa karibu kustaafu, na alitaka kona ile ijazwe, ijengwe vyumba viwili vya kupangisha. Sikuweza kumwita mjinga. Mtu ambaye mshahara wake unakwisha lazima afikirie kodi. Tena udongo ulikuwa wa bure: miaka hiyo Kilimani ilikuwa inachimbwa kila mahali kujenga maghorofa, na madereva wa malori walikuwa wanatafuta pa kumwaga. Ulihitaji tu kusema ndiyo, na yeye alikuwa ameshasema.

"Kwani tukizeeka tutakula vyura?" aliniuliza mezani.

"Na wewe utakula hiyo kodi na nani?" nikamjibu.

Tukanuniana wiki nzima. Chumvi tuliombana kupitia watoto.

Jumamosi asubuhi nikasikia lori likirudi nyuma kuingia langoni. Nilitoka mbio na kanga yangu ya jikoni, nikaingia topeni, nikasimama mbele ya ndago zangu. Dereva akachomoza kichwa dirishani.

"Sasa mathe, si utoke hapo tumwage?"

"Mwaga! Nizike na mimi!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba watoto akatoka na fulana, povu la sabuni bado limemjaa shavu moja. Nikajua anakuja kunivuta mkono. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, na mengine yalimhusu mama yake. Akanipita kama hajaniona, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lori.

"Zima injini, kijana."

Dereva akazima.

"Peleka kwingine huo udongo."

"Lakini mzee, si ni wewe ulisema tulete?"

"Nilisema. Sasa angalia pale."

Tukaangalia sote. Mimi niliyezipanda zile ndago sikuwa nimeona kitu. Katikati ya mashina matatu, kwera, yule ndege wa manjano, alikuwa amesuka duara la majani, halina sakafu bado wala paa.

"Alianza Jumatano," baba watoto akasema. "Kiota kikaanguka, akaanza upya. Namwona kwenye dirisha la bafu nikinyoa." Alilisema hilo akitazama chini, kama mtu aliyekutwa akilamba sukari ya wageni.

Dereva akatazama muda mrefu. "Eish, huyo ni fundi," akasema, akawasha injini taratibu na kuondoka na mzigo wake.

Nikabaki na yale maneno yangu yote mdomoni, hayana kazi.

"Na kodi je?" nikamwuliza.

"Tutaona."

Mwanamume ambaye maisha yake yote hajawahi kusema "tutaona" juu ya pesa! Akarudi ndani kumalizia kunyoa. Mimi nikasimama pale topeni machozi yakinitiririka, na tangu tuoane sijawahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda asubuhi ile, akienda zake na shavu moja la sabuni.