Mikanda ya Stoo

Bosi alitaka kozi ya usalama kwa sababu alitaka picha, wala hakuficha. Aliniita kwenye kontena analoliita ofisi, akaniambia wenye jengo wanataka kuona vibarua wapya wakifundishwa kabla hatujamwaga zege la slabu ya juu. Nipange kitu cha asubuhi moja, helmeti zivaliwe, picha zipigwe, watu warudi kazini.

"Usiwatishe," akasema. "Mtu ukimtisha anabeba karai polepole."

Jengo lenyewe lilikuwa hosteli, pembeni mwa mji wa Moshi, na mimi nilikuwa afisa usalama wake. Cheo hicho pale saiti kilikuwa na uzito wa kofia ya karatasi. Mafundi waliniita Dada Helmeti. Foromeni akiniona natokea getini alipaza sauti, "Vaeni, mwalimu anapita," na nikishapita wanavua. Nilikuwa nawasikia wakicheka nyuma yangu, na nilikuwa nawachukia kwa moyo mweupe kabisa.

Mtu asije akadhani kwamba mikanda ya usalama haikununuliwa. Ilinunuliwa. Ilikuwa stoo, mipya, rangi ya machungwa, imetundikwa ukutani ndani ya nailoni zake, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa foromeni. Ilitoka siku akija mkaguzi. Mkaguzi akishaondoka ilipanguswa vumbi na kurudishwa kwenye nailoni kwa uangalifu ambao sijaona binadamu yeyote akifanyiwa pale. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ikichakaa, mkaguzi akija ataona nini.

Kabla ya masika ya mwaka ule fundi mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la miti ya mirunda. Asubuhi yake aliomba mkanda, nami nilikuwepo nikasikia. Foromeni alimwuliza mbele ya watu kama anataka kupambwa kama bibi harusi. Watu wakacheka, fundi naye akacheka ili asionekane mwoga, akapanda. Hakufa. Kilichokufa ni miguu.

Sasa, kwetu mlimani, mtu akimkosea mwenzake hukata jani la sale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, akalifunga fundo na kwenda nalo kwa aliyemkosea. Jani likipokelewa, jambo limekwisha na halitajwi tena. Na halikataliwi. Bosi ni mtoto wa mlimani kama mimi, tena mzee wa kanisa, kwa hiyo alijua pa kukimbilia. Alipanda kwa mama wa fundi na jani lake, na mbuzi, na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, wakati fundi mwenyewe bado amelala hospitali. Mama akapokea. Mke wa fundi, ambaye ni mtu wa Chekereni, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, aliambiwa atoke nje akachemshe maji, mambo haya ni ya Wachagga na hayamhusu.

Bosi na mama walikubaliana pia namna ya kujibu watu wakiuliza: kijana alikuwa amekunywa. Kisha kwa huruma zake bosi akampa yule mke kazi ya kubeba zege, saiti ile ile, chini ya jukwaa lile lile. Watu walimsifu sana. Walisema ana utu.

Nikakaa na mpango wangu wa kozi. Niliandika ngazi, umeme, mashimo, kuvaa gambuti, kuanguka. Niliandika pia kwamba mfanyakazi ana haki ya kukataa kupanda pasipo na mkanda. Bosi alisoma, akachukua kalamu, akakata sehemu hiyo tu. Mengine yote aliyasifia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi nikisema maneno yangu, vibarua wataitikia "ndiyo mwalimu" na kusinzia. Wengi walikuwa wageni, wameshuka kutoka Rombo, hadi kule Tarakea, baada ya kuvuna, hawajawahi kukanyaga ubao ulio juu ya hewa. Walihitaji kumsikia mtu aliyeanguka. Akiwaambia yeye mwenyewe kwamba aliomba mkanda akanyimwa, wataudai. Asipowaambia, watapanda hivyo hivyo siku ya slabu, na mmoja wao atashuka kama alivyoshuka yeye. Nilikuwa na hakika na jambo hilo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Nikaenda Himo, nikachukua bodaboda kupandisha kwao yule fundi. Mama yake nilimkuta kwenye migomba anakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa ukoo gani?"

Nikamwambia. Akaridhika, akanikaribisha, akanipa mtori. Alikuwa mwema mpaka nilipotaja kilichonileta. Hapo aliweka kikombe chini.

"Sale niliipokea kwa mkono huu," akasema. "Unataka mwanangu akalifukue jambo, halafu laana imrudie nani? Miguu hana, sasa mnataka na nini?"

Fundi alikuwa amelazwa chumba cha pembeni, dirisha linatazama banda. Alinisikiliza huku anaangalia ng'ombe.

"Wakinipeleka nitakwenda," akasema. "Hapa kila siku naangalia makalio ya ng'ombe tu."

Nilishuka nimekata tamaa, ila bosi aliposikia alifurahi. Alimpigia mama simu mbele yangu, kwa Kichagga kitamu cha kanisani, akamwambia kijana aje tu, aseme vile walivyokubaliana, awaonye wenzake juu ya pombe. Mama akakubali. Bosi akaniambia wazo langu ni zuri kuliko nilivyodhani. Nilitamani kumpiga na karai.

Siku ya kozi vibarua walikaa juu ya mbao kwenye ghorofa ya chini. Stoo ilikuwa wazi. Helmeti ziligawiwa na mikanda ikatolewa kwenye nailoni, kila mtu akavalishwa, mpiga picha akazunguka. Mke wa fundi alikuwa mstari wa mbele na gambuti kubwa kuliko miguu yake, kitenge kiunoni, na juu yake mkanda wa machungwa. Ulimpendeza. Mpiga picha alimrudia mara nyingi.

Fundi aliletwa na bajaji. Vijana wawili walimbeba wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mgongo umefungwa khanga kwenye kiti asianguke tena. Mkewe hakuwa ameambiwa kwamba mumewe anakuja kusema. Nilimwona akinyanyuka kidogo, halafu akakaa.

"Mimi siku ile nilikuwa nimekunywa mbege," fundi akasema, macho sakafuni. "Ninyi msinywe. Kazi na pombe haviendi pamoja."

Bosi akapiga makofi, vibarua wakafuata. Nilisikia aibu kwa niaba ya kila mtu aliyekuwepo, hata matofali. Kozi yangu yote ilikuwa imegeuzwa mahubiri ya pombe.

Mke wa fundi akanyoosha mkono, kama nilivyokuwa nimewafundisha asubuhi ile.

"Mwalimu, naomba kusema. Huyu ni mume wangu. Pombe hanywi. Harusini kwetu alikunywa soda, watu wakamcheka. Siku ile aliomba huu mkanda niliouvaa, akaambiwa anataka kupambwa kama bibi harusi."

Foromeni akamkatiza. "Mama, hayo yameshaisha. Sale ilipelekwa."

"Ilipelekwa kwa mama mkwe," akasema, taratibu kabisa. "Mimi sale sikupewa. Mlisema hayanihusu, nikachemshe maji."

Nilimtazama fundi nikitegemea labda atainua uso. Aliinua.

"Kaa chini," akamwambia mkewe.

Hayo ndiyo aliyomwambia, na naelewa kwa nini. Yeye alikuwa anarudi kulala kwa mama yake, na kulishwa na mama yake, na kugeuzwa na mama yake. Lakini kuelewa hakujanisaidia kusahau uso wa yule mwanamke alivyokuwa anakaa.

Foromeni alimvua mkanda kabla hajamvua helmeti, akamwonyesha geti. Alipofika nyumbani alikuta nguo zake zimetiwa kwenye kiroba kando ya barabara. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupigiwa simu, na hakutaka mtu aliyevunja sale alale chini ya bati lake. Mwanamke akanipigia mimi, kwa kuwa namba yangu ndiyo niliyowapa wapya kwa ajili ya dharura. Nilimsindikiza mpaka kwa wazazi wake Chekereni, kiroba kikiwa katikati yetu. Hakulia. Aliniuliza tu kama zile picha zitatumwa kwake.

Siku ya slabu ikafika. Mashine ya zege inanguruma, saruji imefunguliwa, na watu wa Rombo wamesimama chini ya jukwaa, mikono nyuma.

"Pandeni," foromeni akasema.

Mmoja wao, mtu mzima, akamjibu kwa heshima kwamba jukwaa hili lina jambo la mtu ambalo halijaisha. Sale imepita nusu. Wao wana watoto, hawapandi.

Ningepaswa kufurahi. Nilikasirika. Nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kuwaeleza habari za kuanguka, uti wa mgongo, mbao mbovu, wakaniitikia wote huku wanapiga miayo. Sasa jani, jani tu, lilikuwa limewasimamisha. Bosi alifoka, akabembeleza, akatishia kuleta wengine. Hao wengine nao walikuwa watu wa mlimani, na habari ilikuwa imeshapanda kabla yake. Zege la kwanza likagandia kwenye mashine.

"Unapajua kwao yule mwanamke?" bosi akaniuliza.

Tukaenda na pikapu yake. Nyuma alikuwepo mbuzi, beberu mweupe wa kupendeza, na jani la sale lilikuwa juu ya dashibodi, limefungwa fundo vizuri. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake midomo ikicheza. Mimi nilitazama nje, mlima ukibaki nyuma yetu na joto likiongezeka.

Mwanamke alitoka kwenye majaruba ya mpunga tope likiwa magotini. Alimwamkia bosi shikamoo kama ipasavyo. Bosi akashuka, akaniambia mbuzi ashushwe, akalishika jani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Sijawahi kumwona ameinama namna ile hata kanisani.

"Mwanangu, nimekuja," akasema. "Tulikosea kukuacha nje."

"Mikanda iko wapi?" mwanamke akamwuliza.

"Iko salama."

"Stoo?"

Bosi akalisogeza jani karibu naye. Mwanamke akanyoosha mkono akalipokea jani. Nilimsikia bosi akishusha pumzi. Mwanamke akalitazama, akalifungua fundo pole pole, akalinyoosha kwa kidole gumba mpaka likalala sawa. Kisha akampelekea mbuzi mdomoni.

Mbuzi akala. Alianza na ncha, akalivuta ndani kidogo kidogo, huku anatutazama. Likaisha lote. Mwanamke akamshika kamba, akamrudisha mwenyewe kwenye pikapu, akarudi kwenye mpunga.

Kwetu sale haikataliwi, kwa hiyo hakuna anayejua kinachompata mtu ambaye jani lake limekataliwa, sembuse kuliwa. Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna bosi njia nzima ya kurudi. Mara mbili alisimamisha gari akashuka kuangalia matairi yaliyokuwa mazima. Mbuzi alikuwa analia nyuma. Nilimfurahia bosi kwa hofu yake, na sitadanganya kwamba nilimwonea huruma hata kidogo.

Kesho yake stoo ilifunguliwa, na nailoni zikachomwa moto. Bosi aliwaambia watu wa Rombo kwamba amefika Chekereni na mwanamke amelipokea jani kwa mkono wake, jambo ambalo ni kweli. Hawakuniuliza mimi. Wakavaa mikanda wakapanda, slabu ikamwagwa, hakuna aliyeanguka. Tangu siku hiyo bosi hakusimama tena chini ya jukwaa lile. Alitoa maagizo kwa simu, akiwa getini, na helmeti kichwani.

Wenye jengo walizipenda picha. Waliyoiweka kubwa kwenye bango la barabarani ni ya mwanamke wa gambuti kubwa na mkanda wa machungwa.

Nilipanda tena kwa fundi, maana niliona ni haki yake ajue. Mama aliniitikia shikamoo bila kunitazama. Fundi alikuwa pale pale, dirishani. Nikamwambia mikanda imetoka.

"Ule wa machungwa?"

"Huo huo."

"Wanavaa wote?"

"Wote. Kila siku."

Nilidhani ataniuliza habari za mkewe, nilikuwa nimejiandaa kumjibu vibaya.

"Unabana?" akauliza. "Hapa kifuani, mtu akiuvaa. Unabana sana?"

Nikamwambia unabana kidogo tu, ukishauzoea unausahau.