Zulia Lililonusurika Motoni

Siku ya kufunga chuo kimoja hapa Biharamulo, nilikwenda bwenini kumchukua mpwa wangu. Nyuma ya jengo wasichana walikuwa wakichoma mapambo ya vyumba vyao, kama wafanyavyo kila mwisho wa muhula ili wasionekane wakibeba vitu vilivyotumika: mapazia, maua ya plastiki, mazulia. Mama mmoja kutoka kijiji cha Nyabusozi, aliyemfuata binti yake, akalinyakua zulia la mwanawe ambalo lilishaanza kushika moto.

"Mama, liache! Wenzangu wanatazama," binti akamkemea kwa sauti ya chini.

"Bibi yako analalia majani," mama akajibu, bila kuliachia zulia.

Hakuna aliyecheka. Binti akaukanyagakanyaga moto na kushika upande wa pili wa zulia.

Muhula ujao watapamba tena, nawajua. Ila nilipoondoka, wengine walikuwa wakichomoa mapazia yao motoni, bila kutazamana.