Siku Tuliyoisimamisha Meli

Nakumbuka siku moja katikati ya Bahari ya Atlantiki, mwanangu, meli yetu ya mvuke ikitoka Matadi kwenda Anvers, kule Ubelgiji, na mimi kijana wa Kalemie nafua mashuka ya abiria wa daraja la kwanza. Kule chini, tumboni mwa meli, hatukuona maji. Tulisikia mashini tu, na joto la boila lilitukausha midomo. Nilifua pamoja na Ilunga, mtu wa Kongolo, ambaye hakuweza kupiga pasi bila kuimba. Homa ilimshika njiani, na asubuhi ile nilimkuta amekufa.

Mkubwa wetu, Mzungu msimamizi wa wahudumu, akasema Ilunga atupwe baharini kupitia mlango wa nyuma, bila sala, na meli isipunguze mwendo. Hakutaka abiria wakatizwe chakula cha asubuhi.

Papa Mwamba, tuliyemwita hivyo kama baba yetu, mtu wa Moba aliyezeekea kwenye moto wa boila, akapanda kutoka chini anafuta jasho. Akamuuliza mkubwa taratibu, "Muzungu alipokufa safari ile ingine, mashini haikusimama?"

"Ilisimama."

"Basi na kwa huyu itasimama."

Akaketi kando ya maiti. Nikaketi. Wapishi wakaacha masufuria, wachochea moto wakaacha makoleo.

"Mutafukuzwa wote," mkubwa akasema.

"Utufukuze," Papa Mwamba akajibu. "Lakini kwanza tumuzike."

Niliogopa, sikufichi. Mvuke ukapungua, meli ikalegea, mpaka kapiteni mwenyewe akashuka. Aliona hakuna wa kuchochea moto, akaamuru mashini izimwe. Padri aliyekuwa miongoni mwa abiria akaja kusali. Tukamteremsha Ilunga majini ndani ya shuka la daraja la kwanza, nililolipiga pasi mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuliulizia.

Tuliporudi Matadi tulifukuzwa kweli. Nikarudi huku kwetu Kalemie, ziwani, mikono mitupu. Sikujuta siku ile, sijuti leo, na wakinirudisha pale nitaketi tena.

Sasa wewe unaanza kazi kwenye meli za ziwa letu. Fanya kazi vizuri na mkubwa wako umheshimu. Lakini siku watakapomfanya mwenzako takataka, kataa, hata ukiwa peke yako, hata ukiogopa. Kazi utapata ingine. Mungu akulinde juu ya maji, mwanangu, akupe na wenzako wasiokuacha usimame peke yako. Enda na baraka zangu.