Sokwe Hakuulizwa

Juzi nilipanga foleni ya chanjo ya homa ya ini, chini ya turubai jirani na mnada wa ng'ombe pale Nyamuswa. Mbele yangu dereva wa bodaboda alimuuliza nesi kama hiyo chanjo ni salama.

"Usiogope," nesi akasema. "Wataalamu waliwadunga sokwe virusi hivi kwanza, wakaona ini linavyougua. Hata chanjo waliijaribu kwa sokwe."

"Kumbe walianza na manyani!" dereva akasema. Foleni nzima ikacheka.

Mama aliyekuwa nyuma yangu hakucheka. Alitoka kwenye mstari, akasimama mbele ya meza ya nesi, mikono kiunoni.

"Ukoo wetu nyani ni mwiko. Akiingiaga shambani tunamfukuza tu, hatumpigi. Sasa mnacheka nini? Huyo sokwe, ndugu yake nyani, nani alimuuliza?"

"Mama, si mnyama tu yule?" dereva akasema.

"Kama ni mnyama tu, mbona ini lake lilifaa kupimia la kwako?"

Nesi akauliza kwa upole, "Kwa hiyo mama unakataa chanjo?"

"Nikatae, ili awe ameteseka bure?" Akapandisha mkono wa blauzi hadi begani. "Choma. Ila asicheke mtu."

Hakucheka mtu. Wanaosema mnyama ni mnyama tu, waende Nyamuswa wakamjibu yule mama.

Zamu yangu ilipofika, nesi alishika sindano akaniuliza, "Uko tayari?"

Mimi angalau niliulizwa.