Tunamtafuta Paka Aliyemuuma Mjukuu Wangu

Leo asubuhi paka wetu amemuuma mjukuu wangu wa miaka mitatu kidoleni.

Nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya mfereji, tukaenda zahanati hapa Githongo. Amedungwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kisha muuguzi akauliza, "Mzee, paka mmemfungia wapi? Lazima aangaliwe siku kumi, tujue kama ana kichaa hicho."

Nikampigia mke wangu simu.

"Nimemtia guniani, nikampa dereva wa pikapu ya miraa inayorudi Maua amtupe mbali. Kwani sasa unamlilia paka?"

Dereva anasema alimwachilia sokoni Kianjai.

Ni wa kijivu, mkia umekatika ncha.

Ukimwona, usimshike kwa mkono, wala usimwue. Mfungie mahali, uniarifu.

Nikimwona mzima siku hizo kumi, ndipo nitapata usingizi.